Shimo Nililoacha kwa Makusudi

Kama gazeti la juma lililopita ulilifungia sambusa kabla hujalisoma, si kosa langu, lakini nitakusaidia. Mimi ni Hosiyat, mke wa Turgun, mdarizi wa mji wa Shahrisabz, niliyejitia kichwani kwamba nitatengeneza mchezo wa kompyuta ilhali sijui kuandika hata mstari mmoja wa lugha ya kompyuta. Nilikuachia pale mama mkwe wangu, Norbibi, aliponiwekea sharti mbele ya majirani.

Sharti lenyewe lilikuwa fupi. Niende Samarkandi kwenye mashindano, naye atanisindikiza. Nikipata nafasi ya kusoma mwaka mmoja katika kituo chao, kompyuta ni yangu na hataniuliza tena. Nikirudi bila nafasi, kompyuta inaingia sandukuni, ufunguo unaning'inia shingoni mwake, nami narudi kwenye fremu ya kudarizia mpaka siku Turgun atakaporudi kutoka Urusi, anakowajengea watu maghorofa.

Turgun kila Jumapili ananiambia kwenye simu kwamba anarudi mwaka ujao. Huo mwaka ujao ni wa nne sasa.

Nikakubali sharti. Maji nilikwisha yavulia nguo, sikuwa na budi kuyaoga.

Sasa, kabla hatujaingia ukumbini, nina jambo la kuungama.

Majuma sita nimekueleza shida zangu zote. Nimekueleza nilivyoanza na ile programu isiyotaka uandike. Inakupa vipande vya rangi, kila kipande kina amri yake, nawe unavipachika kimoja chini ya kingine. Kitufe kikibonyezwa. Sogea kulia. Nimekueleza sindano yangu, ambayo ndiyo mchezaji anaiendesha, ilivyosogea kulia ikatoka nje ya kioo isirudi, nami nikaisubiri siku tatu kama mume aliyeko Urusi, mpaka nilipong'amua kwamba sikuwa nimeipa kipande cha kurudi kushoto.

Nimekueleza hata ile asubuhi niliyogundua kwamba kioo cha kompyuta ni kitambaa tu. Kina miraba midogo midogo, kila mraba na rangi yake, sawasawa na darizi yetu ya mishono inayokatizana, ambayo nimekuwa nikiihesabu tangu nina miaka saba. Siku hiyo nilichora makomamanga kumi na mawili wakati unga unaumuka. Norbibi alipita nyuma yangu na beseni, akatazama, akasema komamanga la tatu lina mraba mmoja wa ziada upande wa kushoto. Nikahesabu. Alikuwa sahihi, na jambo hilo liliniudhi siku nzima.

Ambalo sikukueleza ni shimo.

Kwetu mwanamke hamalizi kudarizi kitambaa cha harusi. Anadarizi miezi, anadarizi mwaka, halafu anaacha jani moja au nusu ya ua bila uzi. Ukifunga kazi yote umejifunga na wewe. Ndivyo tulivyoambiwa na mama zetu, na mama zetu hatukuwauliza zaidi.

Basi nami nilipofika chumba cha saba cha mchezo wangu, chumba cha mwisho, ambamo sindano inamfikia bibi harusi, mkono ulikataa kujaza mraba mmoja. Nikauacha mtupu, kona ya kushoto, nyuma ya komamanga. Sikusahau. Niliuacha kwa makusudi na sikumwambia mtu. Nilijiambia, nani atakwenda kule, na bibi harusi amekaa kulia na nguo zake zote?

Sikujua kwamba wachezaji ni kama mbuzi. Mfungulie mbuzi lango zima, yeye ataingia kwenye tundu la uzio.

Tukaenda Samarkandi.

Ukumbi ulikuwa na watu kama mia mbili, wengi wao vijana wenye miwani na suruali zilizochanika magotini. Mimi nilikuwa na kitambaa changu cha kichwa chenye maua, na Norbibi na furushi lake la mikate. Kijana mmoja akatuuliza kwa adabu kama sisi ndio tulioleta chakula. Norbibi akamwambia ndiyo, ila si chake.

Bahriddin alikuwa amekwisha fika. Huyu unamjua: ndiye mwalimu wa kompyuta wa kituo cha vijana cha mjini kwetu, yule aliyeniambia mwezi wa tatu kwamba gemu halidariziwi, dada Hosiyat, gemu linaandikwa. Ndiye pia aliyenijazia fomu ya mashindano, kwa sababu kila mshiriki lazima apitie kituo cha mji wake. Alikuwa na wanafunzi wake watatu na mchezo wao wa magari. Akatuamkia vizuri, mkono kifuani, akamtafutia Norbibi kiti chenye mgongo. Ukimtazama hivi hivi utasema huyu kijana amelelewa.

Majaji walikuwa watatu. Wanaume wawili ambao sikuyashika majina yao, na mwenyekiti wao, Bi Mukarram, mwanamke wa makamo, nywele fupi, mdomo umebanwa. Ndiye mkuu wa kituo kinachotoa zile nafasi. Nafasi zilikuwa kumi na mbili, na washiriki tulikuwa sabini.

Zamu yangu ilipofika, jaji mnene mwenye koti la kijivu ndiye aliyekaa kwenye kompyuta kuucheza mchezo wangu mbele ya watu wote, kioo kikubwa ukutani kikionyesha kila anachofanya.

Akaanza vizuri. Sindano ikavuka chumba cha kwanza, ikaokota nyuzi. Ikamkwepa nge chumba cha tatu, maana maadui wote nimewatoa kwenye darizi zetu: nge, pilipili, kisu. Chumba cha tano jaji alichomwa na kisu mara mbili, akacheka, akarudia. Nikasikia nyuma yangu vijana wakimpigia kelele apite juu ya pilipili, apite chini. Walikuwa wamesahau kitambaa changu cha kichwa. Moyo ukaanza kunipanda taratibu, nikajiona tayari nimekaa darasani na daftari jipya.

Akaingia chumba cha saba. Bibi harusi yuko kulia. Muziki wa harusi unapigwa.

Jaji akaenda kushoto.

Akazunguka nyuma ya komamanga, na sindano ikaanguka. Haikugonga chini, maana chini hapakuwepo. Ikaendelea kuanguka kwenye weusi, ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, na muziki wa harusi ukiendelea kupigwa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mtu mmoja akacheka. Halafu wakacheka wote.

Jaji aliniambia kwa upole kwamba hapa nilisahau sakafu, kosa la kawaida kwa anayeanza. Ningeweza kuitikia kwa kichwa nikaketi. Lakini uongo mdogo wa namna hiyo hunikwama kooni.

"Sikusahau," nikasema. "Niliacha."

"Uliacha shimo?"

"Niliacha mraba mmoja. Kwetu hatumalizi kitambaa cha harusi."

Ukumbi ulicheka zaidi ya mwanzo. Bahriddin hakucheka. Alisimama pale alipokuwa, akasema kwa sauti ya mtu anayemsaidia ndugu yake, "Dada Hosiyat, mashine haijui mila."

Hilo neno liliniuma kwa sababu lilikuwa la kweli. Nilisimama pale mbele ya watu mia mbili na ndipo nilipoliona kosa langu lilivyo hasa. Kwenye kitambaa, mahali usipodarizi bado kuna kitambaa. Jani lililoachwa lina weupe chini yake, unaweza kulishika, unaweza kulilalia. Kwenye mchezo, mahali usipoweka kitu hakuna kitu. Nilikuwa nimeacha jani bila kitambaa chini yake.

Lakini ukinidhania nililia, bado hujanijua.

Bi Mukarram akagonga meza. Kanuni ni moja kwa wote, akasema: mwenye kosa ana muda mpaka saa tisa alasiri kulirekebisha. Baada ya hapo mchezo wenye kosa unaondolewa, hata ukiwa mzuri namna gani. Akaniangalia mimi aliposema mzuri, au nilijipendelea tu.

Nikachukua kompyuta yangu nikaenda kukaa kona ya nyuma karibu na Norbibi. Nilikuwa na saa mbili. Nilingoja aanze kunisimanga. Badala yake aliuliza, huku akifungua furushi, "Uliacha jani?"

"Mraba, mama. Ndiyo."

"Upande gani?"

"Kushoto, chini."

Akakata mkate, akanipa nusu, akasema hata yeye huacha kushoto. Miaka sita katika nyumba ile sikuwahi kusikia tukikubaliana upande.

Bahriddin akatufuata. Akavuta kiti, akaweka mkono wake karibu na kipanya, akasema ni kazi ya nusu dakika. Mraba mmoja, rangi ya sakafu, basi. Nikakifunika kipanya kwa kiganja.

"Usiguse, mwalimu."

"Watakuondoa, dada."

"Basi waniondoe wao. Wewe usiwasaidie."

Akaondoka akitikisa kichwa. Nikapiga moyo konde na kuanza kufikiri. Na niliwaza jambo la nyumbani kabisa: sindano ikikuponyoka haiangukii hewani milele. Inafika mahali. Unaitafuta kutwa nzima huioni, halafu unaikanyaga. Kwa hiyo shimo sitaliziba. Nitalitafutia chini yake.

Nikaburuta kipande cha buluu. Sindano ikipita ukingo wa chini. Nikakipachikia cha kijani. Fungua chumba cha nane.

Chumba cha nane hakikuwepo. Nikanakili cha saba, nikaanza kuondoa vitu kimoja kimoja: bibi harusi, makomamanga, kisu, nge. Nilipomaliza nikajaribu. Sindano ikaanguka kutoka cha saba, ikaingia cha nane, ikapita cha nane ikianguka, ikafungua cha nane tena, ikapita tena. Nilipokuwa naondoa vitu niliondoa na sakafu. Kosa lile lile, safari hii bila mila ya kusingizia.

Nikajikaza kisabuni. Nikaweka miraba myeupe, mmoja mmoja, ishirini kwa kumi na miwili. Norbibi alikuwa akihesabu kwa midomo pembeni yangu, na nilipokosea mstari wa tisa akanigonga goti. Halafu nikaweka kipande cha mwisho, ambacho kilinichukua muda kuliko vyote: sindano ikipita juu ya mraba, mraba uchukue rangi ya uzi, na rangi achague mchezaji mwenyewe.

Hakuna nge chumba cha nane. Hakuna bibi harusi, hakuna kushinda. Kuna kitambaa cheupe na sindano.

Ikabaki dakika kumi. Nikanyanyuka.

Safari hii aliyekaa kwenye kompyuta ni Bi Mukarram mwenyewe. Hakupoteza muda na vyumba vingine. Akafungua cha saba, akaenda moja kwa moja kushoto, nyuma ya komamanga, akaitumbukiza sindano shimoni kama mtu anayetia ufunguo kwenye tundu.

Ikaanguka. Ikatua juu ya weupe.

"Sasa nifanye nini?" akauliza.

"Chochote, Bi Mukarram."

Akasogeza. Ukatokea mstari mwekundu. Akasimama, akautazama, akasogeza tena. Akabadilisha rangi. Alikuwa akidarizi ua, ua baya kwa kweli, majani yake hayalingani, lakini hakuliacha. Jaji mnene akaomba naye ajaribu, na Bi Mukarram hakumpa kipanya. Zikapita dakika tano, labda saba. Alipofika jani la mwisho akasita kidogo, akaliacha bila rangi, akaondoa mkono.

Wasomaji wangu, pale nilijua nimepita. Nilimgeukia Norbibi, na hata yeye alikuwa amesimama, furushi limemwanguka miguuni.

Bi Mukarram akageuka kunitazama. "Nani amekuandikia hii?"

Sikuelewa swali. Nikajibu hakuna. Akauliza tena, polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa: hii sehemu ya pili, hii ya kuanguka na kutua, nani amekuandikia, kwa sababu mara ya kwanza haikuwepo na fomu yangu inasema kwamba sijui kuandika programu.

Ilipoharibika ilikuwa yangu. Ilipokubali, ikaanza kutafutiwa mwenyewe.

Na mwenyewe akapatikana mara moja. Bahriddin akaja mbele, hatua za pole, macho chini. Akasema hakutaka kunifedhehesha. Mawazo ni yangu, michoro ni yangu, hilo hana ubishi nalo. Lakini kazi ya ndani ilifanyika chini ya usimamizi wake, na fomu inaonyesha.

Bi Mukarram akaitoa fomu. Ilikuwa ya Kirusi, na Kirusi changu ni cha sokoni: najua kusema ghali, rahisi, na usishike kama hununui. Nilikuwa nimetia saini pale Bahriddin alipoweka kidole. Sasa nikasomewa. Mtengenezaji: Bahriddin. Mpambaji: Hosiyat.

Mpambaji. Miezi minane, mpambaji.

Nikasema huo ni uongo. Nikasema vipande vyote nimevipachika mimi, kwa mkono huu. Norbibi naye akapaza sauti kutoka nyuma kwamba alikaa nami muda wote na hakuna mwanamume aliyegusa kitu. Bahriddin akamgeukia kwa heshima zote.

"Mama, uliona akifanya nini?"

"Aliweka miraba. Nilihesabu."

"Na amri zinazoiendesha sindano, ulimwona akiziandika?"

Norbibi hakuwa ameona mtu akiandika, kwa sababu hakuna aliyeandika. Ndivyo ukweli wenyewe ulivyogeuka kuwa shahidi wa Bahriddin.

"Sisemi neno," Bahriddin akawaambia majaji. "Mwambieni aandike mstari mmoja tu. Mmoja."

Wale majaji wawili wakamwinamia Bi Mukarram, wakanong'ona. Walinong'ona kwa muda mrefu. Kisha Bi Mukarram akaniita mezani, akaniwekea karatasi na kalamu, akaniambia kwamba njia ni mbili na anataka nizielewe zote.

Njia ya kwanza, nitie saini kuthibitisha fomu ilivyo. Mchezo unapita. Bahriddin anatambuliwa kuwa mtengenezaji, mimi nakuwa mpambaji, na kwa sababu wanataka wapambaji darasani, nafasi ya mwaka mmoja ninayo. Nafasi yenyewe hasa, niliyoijia.

Njia ya pili, nipinge fomu. Hapo lazima nithibitishe, leo, sasa. Nitakalishwa kwenye kompyuta yao, saa moja, bila vipande vya rangi, kwa kuandika, kama wanavyoandika wengine. Kitabu kiko mezani, ruhusa kukisoma. Nikitoa chochote kinachosogea, mchezo ni wangu. Nisipotoa, unafutwa, naondoka mtupu.

"Kitabu ni cha lugha gani?" nikauliza.

"Kirusi."

Bahriddin alikuwa akitazama dari.

Kabla sijafungua mdomo, Norbibi alikuwa amefika mezani. Akakisoma chumba kizima kwa macho yake madogo, akaniambia nitie saini. Hakuninong'oneza, alisema wote wasikie. Nafasi si ndiyo hii? Si ndiyo tuliyovuka mlima kuja kuitafuta? Mimi mwenyewe nilikuwa nikiulilia mlango, sasa mlango umefunguliwa, ninabishana na aliyeshika kitasa.

"Jina langu liko wapi, mama?"

"Jina." Akalitamka kama mtu anayetema mbegu. "Nimedarizi miaka hamsini. Vitambaa vyangu viko kwenye kuta za nyumba arobaini, na hakuna hata kimoja chenye jina langu. Nimekufa?"

Aliyesema vile si mchawi wangu wa kila siku. Alikuwa mwanamke mzee ambaye hajawahi kuulizwa swali hilo, na nilimwonea uchungu, na nilimkasirikia, vyote kwa mpigo mmoja.

Kwetu fomu ya mke wa mwana, mkubwa wa nyumba anaweza kuitilia saini na hakuna atakayeuliza. Norbibi alijua hivyo, Bahriddin alijua, hata Bi Mukarram na nywele zake fupi alijua. Norbibi akanyoosha mkono, akaichukua kalamu.

"Nipe mimi," akasema. "Nitatia, twende. Gari likijaa litatuacha."

Miaka sita nimefagia ua wa mwanamke yule kabla jua halijachomoza. Miaka sita nimemmiminia chai nusu kikombe, nusu kikombe, ili nipate kumwinamia tena. Akisema mkate umeungua, umeungua. Akisema mvua itanyesha, nimeanua nguo. Sijawahi kumwambia hapana chumbani, sembuse mbele ya watu.

"Hapana, mama."

Mkono wake ukasimama juu ya karatasi.

"Umesema?"

"Nimesema hapana. Usitie. Ile nafasi ya mpambaji sitaki kuikalia, ingawa naihitaji kuliko unavyojua. Vile vitambaa arobaini ni vyako, mama, na wachuuzi waliviuza bila kukutaja, nami nilikuwa nikiona. Mchezo huu hawatauuza hivyo."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Najua tu kwamba yalipotoka sikutamani kuyarudisha.

Norbibi aliiweka kalamu mezani, polepole, ikalala sawasawa na ukingo wa karatasi. Akarudi nyuma, akaokota furushi lake, akalifunga fundo mara mbili. Alipofika mlangoni akasema bila kugeuka kwamba anakwenda kukaa garini. Gari la Shahrisabz linaondoka likijaa, na asubuhi ile ile nilimsikia dereva akisema jioni watu hujaa haraka.

"Na likijaa?" nikauliza.

"Likijaa linaondoka."

Kwetu mke wa mwana hamwachi mama mkwe wake atoke peke yake katika mji wa watu. Hata mtoto anajua hivyo. Ukumbi mzima ulinitazama miguu, kuona kama itamfuata. Na ukweli ni kwamba ilitaka kumfuata. Nikamsikia akishuka ngazi, moja, akapumzika, nyingine, akapumzika, kwa sababu ya magoti yake. Nikasimama pale pale mpaka sikumsikia tena.

Kisha nikaisukuma ile karatasi upande wa Bahriddin, nikamwambia aihifadhi yeye, huenda akahitaji kitu cha kufungia mkate. Nikaketi kwenye kompyuta yao.

Bi Mukarram akageuza saa ikanitazama.

Mbele yangu palikuwa na ukurasa mweupe na kijistari kimoja kinachowaka na kuzimika. Hakuna buluu, hakuna kijani. Kitabu nilikifungua, nikakuta kurasa za Kirusi zimejaa kama soko la Jumapili, na katikati yake alama ambazo hata Warusi sidhani wanazijua. Nikakifunga. Bahriddin alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake.

Nikaweka vidole kwenye herufi. Kitu pekee ninachoweza kuandika bila kuangalia ni jina langu, basi nikaliandika, herufi kwa herufi, nikabonyeza.

Mashine ikafikiri kidogo. Ikatoa maandishi mekundu, na jaji mnene akanitafsiria, sauti yake ikiwa ya chini kwa huruma, kwamba inasema hailijui jina hilo.

Nikavuta kiti mbele.

"Utalijua," nikaiambia.